SOMO LA ROBO HII: Mwalimu Aliyebaki Iten
Tunachoweza kujifunza kutoka kwa Bruda Colm O'Connell kuhusu kazi ya vijana



Kila mwaka, wakati wa kupanga bajeti, suala la vijana hurudi mezani. Usharika mmoja huomba mipira na jezi, mwingine vyerehani, mwingine vyombo vya muziki. Maombi yote ni mazuri. Lakini mara nyingi swali la kwanza tunalojiuliza ni hili: tuwanunulie nini? Katika somo la robo hii tunapenda kuleta swali lingine: nani atakaa nao?

Ili kulijibu, tumtazame mwalimu mmoja wa sekondari katika nchi jirani ya Kenya. Alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha wala hakuwa amesomea ukocha. Hata hivyo, vijana waliopita mikononi mwake walishinda medali za dhahabu za Olimpiki, ubingwa wa dunia na mbio kubwa za marathoni. Yeye ni mtawa wa Kikatoliki na sisi ni Walutheri, lakini jambo hilo halituzuii kujifunza. Kazi njema haina dhehebu.

MAHALI NA SHULE

Iten ni mji mdogo ulioko ukingoni mwa Bonde la Kerio, katika eneo la Elgeyo-Marakwet, magharibi mwa Kenya. Uko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, usiku ni baridi, na barabara nyingi za pembezoni ni za udongo mwekundu. Wenyeji ni wakulima na wafugaji. Kwa wanaofahamu milima yetu, hali yake haiko mbali na ile ya vijiji vyetu vya juu.

Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Patrick ilianzishwa mwaka 1961 na Mabruda wa Mtakatifu Patrick, shirika la watawa kutoka Ayalandi. Ni shule ya bweni ya wavulana. Tangu mapema ilikuwa na jina katika michezo. Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alisoma hapo. Na nchi nzima ilikuwa tayari imemwona Kipchoge Keino akishinda mita 1,500 Mexico mwaka 1968.

Tunayataja haya makusudi. Bruda Colm hakukuta shamba tupu. Alikuta vijana wenye uwezo, jamii iliyopenda kukimbia na shule iliyoheshimu michezo. Mtu wa maendeleo anayefika mahali na kudhani kwamba historia inaanza siku aliyoshuka kwenye gari amekosea kabla hajaanza kazi.

ALIVYOANZA

Alipofika alikuta tayari yuko mwalimu kijana kutoka Uingereza, Peter Foster, aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi riadha. Huyu ni ndugu yake Brendan Foster, mwanariadha aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo wa 1976. Bruda Colm akawa msaidizi wake. Baada ya muda mfupi Foster aliondoka, na kazi ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia.

Angeweza kusema kwamba hajui, na wanafunzi wangecheza wenyewe. Badala yake alianza kwa kutazama na kuuliza. Amekuwa akieleza kwamba walimu wake wa kwanza wa riadha walikuwa wanafunzi wenyewe. Aliwaangalia wanavyokimbia, akawauliza miili yao inasema nini baada ya mazoezi, akapunguza kilichowachosha na kuendeleza kilichowafaa. Katika lugha ya miradi tunaita jambo hili ushirikishwaji wa walengwa. Yeye alilifanya kwa sababu hakuwa na njia nyingine, nalo likawa nguvu yake.

Alipanga kukaa kwa muda mfupi. Miaka ikapita akiwa bado yuko hapo. Alikuja kuwa mkuu wa shule, na hata baada ya kuacha ukuu huo aliendelea kuishi Iten na kufundisha mbio. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa kuponya ni yule anayekaa muda wa kutosha kuwajua wenyeji.

MATUNDA YALIYOONEKANA

Kati ya vijana wa mwanzo alikuwemo Ibrahim Hussein. Mwaka 1987 Hussein alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, na mwaka 1988 alikuwa Mwafrika wa kwanza kushinda ile ya Boston. Wasomaji wenye umri wa kutosha watakumbuka aliyemfuata siku ile ya Boston: ni Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa. Hussein alimaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43, Ikangaa akaingia sekunde moja nyuma yake. Hussein alishinda tena Boston mwaka 1991 na 1992. Alikuwa pia amesoma chuo kikuu nchini Marekani, na baadaye akafanya kazi ya kuendeleza riadha ya Afrika kupitia kituo cha mafunzo cha Nairobi.

Mwaka huo huo wa 1988, kule Seoul, Peter Rono alishinda mita 1,500 za Olimpiki akiwa na umri wa miaka 21. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa chuo nchini Marekani. Mwaka 1992 Matthew Birir alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji huko Barcelona, Wakenya wakichukua medali zote tatu.

Halafu akaja Wilson Kipketer. Kutoka Iten alikwenda kusoma Denmark mwaka 1990, na baadaye akakimbia kwa bendera ya nchi hiyo. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 1995, 1997 na 1999. Mwezi Agosti 1997 aliivunja rekodi ya dunia ya Sebastian Coe iliyokuwa imedumu tangu 1981, akaishusha hadi dakika 1 na sekunde 41.11.

Rekodi hiyo ilikaa miaka 13. Aliyeivunja alikuwa kijana mwingine wa mwalimu yule yule. Kwa hiyo tangu Agosti 1997 hadi mwisho wa mwaka 2024, rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanaume ilishikwa na watu wawili tu, na wote wawili walilelewa kimichezo Iten.

MFANO WA DAVID RUDISHA

Kijana huyo wa pili ni David Rudisha, Mmaasai kutoka upande wa Kilgoris. Baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyopata medali ya fedha ya mita 400 mara nne kule Mexico mwaka 1968. Mtoto naye alipenda mita 400. Bruda Colm alimwona akiwa mwanafunzi, akamshauri ajaribu mita 800. Mwaka 2006, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa bingwa wa dunia wa vijana huko Beijing.

Hapa tunaomba wafadhili wetu na wajumbe wa kamati wasome polepole. Mwaka 2008 Rudisha alikosa Olimpiki kwa sababu ya jeraha. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya Berlin, alitolewa kwenye nusu fainali. Kama huu ungekuwa mradi wenye taarifa za kila robo mwaka, kwa miaka miwili mfululizo safu ya matokeo ingesomeka sifuri. Pengine mtu angeuliza kama fedha zisihamishiwe kwingine.

Mwalimu wake hakubadilisha njia kwa haraka. Waliendelea na mazoezi yale yale ya msingi. Tarehe 22 Agosti 2010, katika mji ule ule wa Berlin, Rudisha alivunja rekodi ya Kipketer kwa muda wa dakika 1 na sekunde 41.09. Siku saba baadaye, Rieti nchini Italia, aliishusha hadi 1:41.01. Na tarehe 9 Agosti 2012, katika fainali ya Olimpiki ya London, aliongoza tangu mwanzo bila mtu wa kumvutia kasi, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Mbio zile zilikuwa za kasi kiasi kwamba aliyeshika nafasi ya mwisho alitumia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Mwaka 2016 kule Rio, Rudisha alishinda tena.

NAMNA YAKE YA KUFUNDISHA

Wengi waliokwenda Iten kutafuta siri walirudi bila siri. Walichokiona ni mambo ya kawaida yaliyofanywa vizuri na kwa muda mrefu. Tunaweza kuyapanga hivi:

1. Taratibu. Mwenda pole hajikwai. Vijana wake walianza na mbio za polepole na mazoezi ya kuuweka mwili sawa: magoti, mikono, mgongo, hatua. Kasi ilikuja baadaye. Kijana hakusukumwa ashinde leo ili achoke kesho.

2. Mtu kwanza, mwanariadha baadaye. Mwalimu alitaka kujua habari za nyumbani, masomo, urafiki na hofu za kijana. Asiyejua kilichomkosesha kijana usingizi hawezi kujua kwa nini leo miguu ni mizito.

3. Kikundi. Walikimbia pamoja, mwenye jina na asiye na jina. Mdogo alijifunza kwa kumfuata mkubwa. Hata alipokuwa bingwa, Rudisha alifanya mazoezi na wenzake wa kikundi hicho.

4. Vifaa vichache. Barabara za udongo, uwanja wa nyasi na vilima. Uwanja wa Kamariny ulioko karibu na Iten, ambako mabingwa wengi walifanya mazoezi, ulikuwa na njia ya udongo tu. Ulipofungwa katika miaka ya 2010 ili ujengwe kisasa, ujenzi ulisimama kwa miaka mingi na wakimbiaji wakalazimika kutafuta kwingine. Hatusemi kwamba majengo hayana maana. Tunasema kwamba mabingwa walipatikana kabla ya jengo, na kwamba jengo lisilokamilika linaweza kuwanyima watu hata kile kidogo walichokuwa nacho.

5. Kumbukumbu. Katika viwanja vya shule ile kuna miti iliyopandwa kwa heshima ya wanafunzi waliofanikiwa, kila mti na jina lake. Mwanafunzi mpya anapita hapo kila siku. Anaona kwamba waliotajwa walilala katika mabweni kama yake na kula chakula kama chake. Gharama ya mche ni ndogo, na funzo lake ni kubwa.

WASICHANA

Shule yenyewe ilikuwa ya wavulana, lakini mwalimu hakuishia langoni. Tangu mwaka 1989 aliendesha kambi za mazoezi kwa vijana wakati wa likizo, na wasichana walikaribishwa. Kwa miaka ile hilo halikuwa jambo dogo. Likizo kwa msichana wa kijijini ni kuchota maji, kuni na kulea wadogo. Mzazi alipaswa kushawishika kwamba wiki chache za mazoezi si wiki zilizopotea.

Mmoja wa waliopita katika malezi hayo ni Edna Kiplagat. Mwaka 1996 alipata medali ya fedha ya mita 3,000 katika mashindano ya dunia ya vijana huko Sydney. Baada ya hapo ilipita miaka 15. Aliajiriwa polisi, akaolewa, akazaa. Mwaka 2011 akawa bingwa wa dunia wa marathoni huko Daegu, akarudia mwaka 2013 huko Moscow, na mwaka 2017 akashinda Boston akiwa na miaka 37. Mradi wa miaka mitatu usingemwona kamwe. Angeandikwa kwamba alianza vizuri, kisha akapotea.

YALE AMBAYO MEDALI HAZIONYESHI

Somo hili lisingekuwa la haki kama lingeishia kwenye ushindi. Sifa ya Iten imevuta vijana wengi sana. Wanaacha shule, wanapanga chumba kidogo, wanakimbia asubuhi na jioni wakingoja wakala awaone. Wengi hawaonekani. Umri unapita, na hawana cheti wala kazi. Kwa hiyo ni muhimu kukumbuka kwamba mpango wa Mtakatifu Patrick ulikuwa ndani ya shule. Aliyeshindwa kwenye mbio alibaki na masomo yake. Wanaoiga mbio na kuacha shule wameiga nusu.

Pili, fedha zilipoongezeka, vilikuja vishawishi. Wakimbiaji wengi wa Kenya walifungiwa kwa kutumia dawa zilizokatazwa, na mwaka 2016 nchi hiyo ililazimika kutunga sheria maalumu ya kupambana nazo. Kijana anayeambiwa na kila mtu kwamba thamani yake ni ushindi atashawishika kuununua ushindi.

Tatu, na hili ni zito zaidi, wasichana. Mwezi Oktoba 2021 Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, aliuawa nyumbani kwake hapo Iten akiwa na miaka 25. Mwezi uliotangulia tu alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Kifo chake kiliwafanya wengi waseme hadharani yaliyokuwa yakisemwa kwa kunong'ona: kwamba wasichana wenye vipaji huzungukwa na wanaume wanaotaka kuwamiliki pamoja na fedha zao, na kwamba wengine hujiita makocha. Wenzake wakaanzisha shirika la Tirop's Angels kuwatetea wanawake na wasichana dhidi ya ukatili.

Tunapotafuta mtu wa kukaa na vijana, basi, haitoshi kwamba ana moyo. Mtu mwenye mamlaka juu ya kijana anaweza kumjenga, na anaweza kumwangamiza. Uaminifu wa mtu mmoja mwema usiwe badala ya utaratibu mzuri.

Jambo la mwisho: habari za mtu mmoja maarufu huwafunika wengine. Walimu wa shule za msingi walioona kipaji kwanza, mama aliyetoa nauli, wasaidizi waliobeba vifaa, makocha Wakenya ambao hawakuhojiwa na waandishi wa habari, wote wamo katika kazi hii. Hata Peter Foster, aliyekaa muda mfupi, alipanda mbegu. Tunapoandika taarifa zetu tuwataje na hawa.

MAMBO YA KUZINGATIA KATIKA KAMATI ZETU

Kutokana na hayo, tunapendekeza kamati zijadili mambo matano:

Kwanza, katika kila ombi la kazi ya vijana, jina la mlezi liandikwe kabla ya orodha ya vifaa. Kama hakuna jina, ombi lisubiri.

Pili, bajeti imfikirie mlezi huyo: nauli, mawasiliano, semina moja kwa mwaka. Kujitolea ni kuzuri, lakini anayejitolea kwa kula akiba ya watoto wake hatadumu.

Tatu, awepo msaidizi tangu mwaka wa kwanza. Bruda Colm mwenyewe alianza kama msaidizi. Foster alipoondoka, kazi haikufa.

Nne, uwekwe utaratibu wa ulinzi: walezi wawili wakati wote, mmoja wao mwanamke panapokuwa na wasichana, ruhusa ya maandishi ya wazazi kwa kila safari na kambi, kijana asilale nyumbani kwa mlezi, na ajulikane mjumbe wa kamati ambaye kijana anaweza kumwendea akiwa na malalamiko.

Tano, lifunguliwe daftari la vijana. Kila kijana awe na ukurasa wake: yuko darasa gani, anaendeleaje, ameacha lini na kwa nini. Tuendelee kuandika hata baada ya mradi kufungwa. Wafadhili wetu tunawaomba wakubali kupokea taarifa za namna hii, hata pale ambapo hazina picha ya kombe.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika usharika wetu, ni nani tayari anakaa na vijana bila kuombwa na mtu? Je, kamati imewahi kumwita na kumsikiliza?

2. Kabla hatujaleta mradi, vijana wetu walikuwa tayari wanafanya nini vizuri? Tumejengea juu ya hayo, au tumeyafunika?

3. Tunawafahamu vijana waliokuwa katika vikundi vyetu miaka kumi iliyopita? Wako wapi sasa?

4. Msichana mwenye miaka 15 akitendewa vibaya na mlezi wa kikundi chetu, atamwambia nani? Je, yeye mwenyewe anamjua mtu huyo?

5. Tungekuwa na mwaka mmoja usio na matokeo ya kuonyesha, tungesema nini kwa wafadhili, nao wangetuambia nini?

Tunaomba kila kamati itenge muda katika kikao chake kijacho kwa ajili ya somo hili. Majibu ya swali la kwanza na la nne yaandikwe kwenye muhtasari na nakala iletwe ofisi ya miradi pamoja na maombi ya bajeti. Tutayasoma yote kabla ya kukaa kupanga mgawo wa vijana wa mwaka ujao, tukianza na majina ya walezi.